Noti Nyepesi, Deni Zito

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa ya mwezi wa pili, saa nne na robo asubuhi. Seremala alikuwa na misumari mitatu mdomoni na mguu wa meza mapajani, redio ya jirani ikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu serikali haitachapa noti hata moja isiyokuwa na dhahabu yake ghalani. Mtaa mzima ukashangilia. Seremala naye akashangilia mpaka misumari ikamdondoka, maana kwa miaka miwili alikuwa akiwalaani wakubwa kwa kuchapa pesa kama makaratasi ya matangazo. Hakujua kwamba anaishangilia kamba ya shingo yake mwenyewe.

Jirani mwenye redio alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mchomeleaji wa mageti ambaye watu wote walimwita Nondo. Karakana zao zilitenganishwa na ukuta wa tofali moja, na wivu wa seremala ulikuwa umeegemea ukuta huo mwaka wa pili sasa.

Ulianza hivi. Yeye na mkewe waliweka akiba benki miaka kumi na moja ili wakinunue kile chumba cha karakana walichokuwa wamepanga tangu waoane. Kukopa, mkewe hakutaka kukusikia. Alipofariki, ilikuwa imebaki kidogo tu pesa itimie. Ndipo serikali ikaelemewa na madeni yake, ya walimu, ya askari, ya barabara zilizoishia porini, na wale wenye suti wakaona dawa ni kuwasha mitambo ya kuchapa. Bei zikapanda asubuhi, jioni zikapanda tena. Seremala alikuwa na utaratibu wake: bei akishaitaja, anaiandika kwa chaki mlangoni, na haifutwi mpaka mzigo utoke. Wenzake wakamwambia aache ushamba, yeye akang'ang'ana. Kabati moja lilipotoka, pesa yake ilinunua kitasa. Na ile akiba ya miaka kumi na moja, siku aliyokwenda kuitoa, ilitosha baiskeli bila pampu.

Nondo yeye alikopa mwanzoni kabisa, akanunua chumba chake na lori zima la vyuma. Mwaka haukuisha, akalimaliza deni lote kwa pesa ya mageti mawili. Benki ile ile, mwenye nyumba yule yule. Seremala akamwona anapaka chumba rangi, akamwona na mashine mpya, kisha akamwona na kitambi. Kitambi ndicho kilichomuuma kuliko vyote. Wote wawili waliishia darasa la nne, na huyu hata kunyoosha msumari uliopinda alifundishwa na yeye.

Mwisho wa mwezi wa kwanza wivu ukamshinda. Akavaa koti la harusi yake, akaenda kukopa kama Nondo alivyokopa. Akamlipa mwenye nyumba kwa bei ya juu, chumba chenyewe akakiweka rehani, na pesa iliyobaki akaijaza mbao hadi darini. Siku tisa baadaye redio ikasema yale iliyoyasema.

Bei zikaanza kushuka. Kwanza watu walifurahi, halafu wakaacha kununua, maana anayejua kitanda kitakuwa rahisi mwezi ujao hulala chini mwezi huu. Rejesho la benki lililokuwa linalipwa na kitanda kimoja likataka vitatu, kisha vitano, na wanunuzi wa vitanda vitano hawakuwapo. Kwenye karatasi deni lilikuwa lile lile. Mikononi lilikuwa linanenepa. Mwezi wa sita benki wakabandika barua mlangoni: alipe ifikapo tarehe thelathini, la sivyo chumba kinauzwa.

Nondo akaja siku hiyo hiyo, akavuta kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, niuzie mimi hicho chumba. Deni nitalilipa, wewe utabaki humu humu na kazi zako."

"Niwe mpangaji wako?"

"Kodi ya kishemeji. Dada angeniona ninakuacha barabarani angefufuka anichape."

Seremala aliuliza pesa hiyo kaitoa wapi wakati kila mtu anakula mihogo mikavu. Nondo akaeleza bila kujisifu, na hilo ndilo lililokera zaidi. Mwezi wa kumi na mbili aliuza vyuma vyote, pesa akaikopesha serikali, akapewa hati ya deni. Sasa serikali inamlipa riba kwa noti zile zile zenye dhahabu.

"Nani alikudokeza?"

"Hakuna. Nilikuwa nafunga geti kwa mkubwa mmoja wa hazina, nikaona anauza magari yake yote matatu kwa wiki moja. Nikauza na mimi."

"Na mimi hukuniambia."

Nondo alikikuna kitambi chake. "Nilikuja. Nilisimama hapo mlangoni nikakusalimia, ukaitikia ukiangalia ukuta. Nikaona nikuache."

Seremala aliokota msumari sakafuni, akaanza kuunyoosha. Ilikuwa kweli, aliikumbuka siku yenyewe.

Kesho yake akaenda benki. Karani, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwonyesha kwamba hesabu zote zimenyooka, hakuna hata senti iliyoibwa, si kwenye akiba wala kwenye mkopo. Seremala akamuuliza jambo. Binti akamwita meneja, meneja akashauri aiandikie hazina. Akaandika barua kwa mkono wake wa darasa la nne, wakaipiga mhuri wa kupokelewa. Tarehe thelathini imebaki siku nne, ofa ya Nondo bado iko mezani, na majibu hayajaja. Barua ina mstari mmoja tu: nilipoweka pesa ilikonda, nilipokopa ikanenepa, na kote mnasema hakuna aliyeiba, basi jasho langu na la mke wangu liko kwa nani?