Mama Mkwe Chungu

Mimi sina simile, na nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Nikiona kosa nalitaja. Nikiona sufuria imeoshwa ovyo naiosha upya, tena mbele ya aliyeiosha. Nikinyamaza, ujue naumwa. Ndiyo maana kisa hiki nakisimulia mwenyewe, kabla mwanangu hajamaliza kukitangaza kwa watu, maana keshaanza, na anaongeza chumvi.

Mume wangu alipofariki, mwanangu alikuja na gari la kuazima akanihamishia kwake. Nyumba ina vyumba vitatu. Kuna yeye, mke wake, na mjukuu wangu wa miaka sita ambaye namwita Kiherehere, kwa sababu hakuna kifuniko asichokifunua. Walinipa chumba chenye dirisha la uani, wakanipa godoro jipya, wakanipa kila kitu. Lakini mwanamke akihamia jikoni kwa mwanamke mwenzake, kuna jambo linamkaa rohoni hata akila akashiba. Kufa sikuogopa. Niliogopa kuvumiliwa. Niliogopa siku nitakayogundua kwamba wenye nyumba wananichekea usoni huku wanaomba Mungu niondoke.

Na huyo mkwe wangu hakunisaidia, maana hasemi. Anafanya kazi duka la dawa. Kutwa nzima anaandika juu ya vibahasha: mara tatu, baada ya kula, tikisa kwanza. Nyumbani anazungumza kwa kipimo hicho hicho. Ukimuuliza chakula kikoje, atakwambia, "Kizuri." Ukimuuliza kizuri vipi, ataongeza, "Sana." Mimi nimeishi miaka arobaini na mwanamume aliyekuwa akibishana hata na redio, sasa mtu wa namna hii nimwelewe vipi?

Lakini haki ya mtu mpe. Ni yeye aliyenipeleka kwenye udongo. Kila Jumatano baada ya kazi alikuwa anapitia karakana ya ufinyanzi, gereji ya zamani iliyowekwa meza mbili ndefu, rafu hadi darini na tanuri la umeme kule nyuma. Siku moja alinikuta jikoni napigana na unga wa mkate. Akasimama, akanitazama weee, kisha akasema, "Mama, kuna mahali unaweza kukanda hivyo na watu wakafurahi." Tangu tujuane hakuwahi kuniambia sentensi ndefu kama hiyo. Nikajiandikisha darasa la Jumamosi.

Jamani, nilipapenda! Anayefundisha tunamwita Fundi tu. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mnene, mpole, aproni yake imekauka udongo mpaka inasimama yenyewe. Siku ya kwanza alinipa bonge niliponde na kulikanda hadi hewa yote itoke. "Hewa ikibaki ndani," alisema, "kitu chako kitapasuka tanurini na kuvunja vya wenzako." Nikakanda. Nilikanda mazishi, nikakanda kuhama, nikakanda na vitanda viwili vya nyumbani kwangu vilivyochukuliwa na majirani. Fundi akaja taratibu, akaniinamia, "Bibi, udongo huo haujakukosea kitu." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimecheka tangu tumzike mzee. Nashukuru sana kwa siku ile. Bakuli langu la kwanza lilitoka limeinama upande, Kiherehere akaliita bakuli lililolewa, na mpaka leo ndilo tunalowekea vitunguu.

Basi ukaingia msimu wa nyanya. Wenyewe mnaujua, wiki zile ambazo nyanya zimejaa sokoni mpaka wauzaji wanakubembeleza uzichukue. Mwanangu alileta makreti matatu. Tukapanga kwamba Jumapili tutapika rojo la nyanya la kutosha mwaka mzima na kulitia kwenye chupa, na mkuu wa shughuli nitakuwa mimi, kama kawaida yangu.

Jumamosi, siku moja kabla, nilifika karakana mapema. Tanuri lilikuwa linaunguruma, limeshapakiwa vitu vya darasa la Jumatano. Ukutani pembeni yake pana ubao. Kitu kikiingia tanurini, kikaratasi chake kinabandikwa pale ili kikitoka kisipotee. Mimi ubao ule sikuwa na habari nao, maana vyangu naviwekea alama ya kidole tu. Ila nilipita karibu, na jicho likanasa mwandiko ninaoujua. Kila asubuhi nauona kwenye mlango wa friji: leta maziwa, leta sabuni. Herufi kubwa, zimesimama wima kama askari. Kikaratasi kimeandikwa:

MAMA MKWE CHUNGU

Nikasoma mara ya pili. Nikavaa miwani, nikasoma mara ya tatu. Chungu! Kama shubiri, kama hizo dawa zake! Tena ameniandika kama anavyoandika juu ya chupa, onyo kwa watumiaji. Na amekibandika hadharani, mbele ya darasa zima, wale watu wote wanaonisalimia kwa adabu, kumbe wameshasoma! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilikuwa namkunjia na nguo zenyewe.

Sikukaa darasani. Nilirudi nyumbani nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia aniandalie chumba. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, kuna kilichokuwa kinakuja siku zote, sasa kimefika.

Jumapili nilinyamaza. Tulianza asubuhi, mimi na mkwe wangu bega kwa bega. Yeye anachovya nyanya kwenye maji ya moto, mimi namenya maganda, mwanangu anakata vitunguu huku analia, Kiherehere anahesabu chupa na kukosea. Ingekuwa siku nyingine ningekuwa nimeshamgombeza kila mtu mara mbili.

"Mama, chumvi inatosha?" mkwe wangu akauliza.

"Inatosha."

"Nipunguze moto?"

"Ukitaka."

Mwanangu akaonja, akatikisa kichwa. "Leo rojo halina ladha. Halijagombezwa." Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu alinitupia jicho, akarudi kwenye nyanya zake.

Tulipokaa kula, nikasema. Nikasema kwa upole, maana nilishajipanga. "Jumamosi ijayo nahamia kwa mdogo wangu."

Mwanangu akaanza, mama vipi, mama kwa nini, nani amekuudhi. Nikamwambia hakuna aliyeniudhi, kila ndege na kiota chake. Mkwe wangu kijiko kilibaki njiani kati ya sahani na mdomo. Aliinuka, akaenda kuosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Mimi nikajisemea moyoni, haya, anaficha furaha yake. Nami nikaumia, sitaki kudanganya. Niliumia hasa.

Wiki ile Jumatano hakwenda kwenye udongo. Alitoka kazini akarudi moja kwa moja nyumbani, akaingia bafuni akajifungia. Kiherehere akaja mbio chumbani kwangu. "Bibi, mama analia. Nimemuuliza, anasema sabuni imemwingia machoni. Lakini maji hayamwagiki!" Nikamjibu kwamba sabuni za siku hizi ni kali. Hasira ikishakaa, mtu wangu, hata ukiletewa ushahidi mkononi utaukataa.

Jumamosi ikafika. Mwanangu angenipeleka mchana. Asubuhi nikaenda karakana kumuaga Fundi, kwa sababu yeye hakunikosea. Nilimkuta anashusha rafuni vitu vilivyotoka tanurini, anavilinganisha na vikaratasi vya ubaoni.

"Afadhali umekuja," akasema. "Mkweo hakuja Jumatano kuchukua chungu chako."

"Chungu changu kipi?"

Akakitoa kwa mikono miwili, akakiweka mezani mbele yangu. Chungu cha kupikia, kipana, cha rangi ya kahawia, kina masikio mawili na kifuniko kinachokaa barabara. "Wiki tisa," Fundi akasema. "Cha kwanza kilipasuka, akaanza upya. Huu udongo aliuchanganya na mchanga ili ustahimili jiko. Mdomo nikamwambia aupunguze, akakataa. Anasema wewe hupendi kupika kitu usichokiona."

Nilitazama ubao. Sasa nikavisoma na vile vingine. SHANGAZI KIKOMBE. BABA SAHANI. DADA BAKULI DOGO. Darasa la Jumatano walikuwa wanatengeneza zawadi, kila mmoja ameandika anayepewa, kisha kitu. Yaani kwa akili yangu ile, shangazi wa watu alikuwa kikombe!

Nilikaa juu ya gunia la udongo, nikamweleza Fundi yote. Alicheka akishikilia meza, aproni ikawa inapiga kelele. Halafu ualimu ukampanda. "Bibi, na ngeli ulisomea wapi? Dawa ni chungu. Mtu ni mchungu. Angetaka kukutukana angeweka M. Yule binti hawezi kukosea upatanisho, nimemfundisha mimi darasa la sita."

Nikalia. Mwanamke mzima, mbele ya watu waliokuja kujifunza kutengeneza vikombe. Nililia kwa aibu, na aibu ilipokwisha nikaendelea tu, kwa sababu tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kukaa wiki tisa akifikiria ninavyopenda kupika.

Nilitembea nacho mpaka nyumbani, nimekikumbatia, nikiwakwepa wapita njia kana kwamba kila mmoja ametumwa kunigonga. Mkwe wangu alikuwa jikoni peke yake. Mezani pana rundo la magazeti, na alikuwa anafunga chupa za nyanya moja moja, anazipanga kwenye sanduku.

"Hizo zinakwenda wapi?" nikauliza.

"Zako," akasema bila kuniangalia. "Nusu."

Nusu ya nyanya za mwaka mzima! Nikakiweka chungu mezani, katikati ya magazeti. Akakiona. "Nilitaka nikupe mwenyewe," akasema. "Lakini ulisema unaondoka, nikaona nitakuwa kama nakuzuia."

Basi nikamwambia. Sikujipamba. Nilimwambia nilivyosoma, nilivyovaa miwani, nilivyompigia mdogo wangu, na jinsi shangazi wa mtu alivyokuwa kikombe. Mwanzoni alikodoa macho. Kisha kikaanza kitu kifuani mwake, kikapanda, na mkwe wangu akacheka. Alicheka kwa sauti, akainama, akashika ukingo wa sinki. Mwaka mzima sikuwahi kuisikia sauti ile. Ni kicheko kikubwa, hakilingani naye kabisa, na nilimshukuru Mungu kwamba nimekisikia kabla sijapakiwa garini.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nilikudhania vibaya."

"Nimeshakusamehe." Akajifuta macho kwa kiwiko. Nikaona anapima kitu, kama anavyopima dawa. "Ila mama, na mchungu pia ni kweli. Kidogo."

Ile M aliitamka vizuri kabisa.

"Mchungu saa ngapi?" nikauliza.

"Asubuhi, kabla ya chai. Na ukiwa umemkumbuka baba."

Nilivuta kiti nikakaa. "Sasa mwaka mzima umekaa nalo moyoni, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa," akasema. "Nilijua ukisikia, utaondoka."

Kumbe wawili tulikuwa jiko moja, tunamenya nyanya za kreti moja, kila mtu na hofu yake, na hofu yenyewe ni ile ile. Nikamshika mkono. Ulikuwa una udongo pembeni ya kucha, kama wangu.

"Basi nimesikia," nikamwambia, "na bado nipo hapa hapa."

Akanitazama kidogo ahakikishe. Kisha akaanza kufungua magazeti, chupa moja moja, akizirudisha kabatini.