Duka la Kachingwe

Talaka ilikwisha kutoka. Kilichobaki siku ile katika mahakama ya Dowa ni kukadiria matunzo: Honoré amlipe Gabriella kiasi gani kila mwezi, baada ya ndoa ya miaka ishirini na mbili.

"Huyu bwana anapata kiasi gani?" hakimu aliuliza, na mkalimani akayageuza maneno kwa Kiswahili.

Gabriella alijua vizuri. Tangu walipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wakitokea Uvira, Kongo, cherehani yake ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyomsomesha mtoto wao Delphin hadi akaenda kujitegemea Afrika Kusini. Alishona sare za shule mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na kwa jasho hilo wakafungua duka la nguo Old Town, Lilongwe. Mkimbizi kufanya biashara mjini ni kujitafutia kesi. Kwa hiyo leseni na mkataba wa pango viliandikwa kwa jina la Mmalawi mmoja, Bwana Kachingwe, aliyekuwa akipewa chake kila mwezi kwa kuazimisha jina. Honoré akakaa mjini kuuza, Gabriella akabaki kambini kushona. Huko mjini ndiko Honoré alikompata mwanamke mwingine, Gentille.

"Iko na duka," Gabriella alisema. "Tulifungua sisi wawili, kwa kazi ya mikono yangu."

Honoré akasimama, akaapa. Alivaa shati lililochanika kwapani, ambalo Gabriella hakuwahi kuliona. Bila shaka aliliazima.

"Muheshimiwa, huyu mama anasema uongo. Mi sina duka. Mi nafagiaka tu kwa mwenye duka, ananipatiaka pesa ya chakula."

Kisha akamwita shahidi wake. Kachingwe aliingia na suti yake, akashika Biblia, akaapa kwamba duka ni lake na leseni hii hapa. Karani akaandika. Hakimu akamgeukia Gabriella kwa upole, akamwuliza kama ana karatasi yoyote. Hakuwa nayo. Angeitoa wapi, na ujanja wote wa biashara ile ulikuwa kutokuwa na karatasi yenye jina lao?

Matunzo yakakadiriwa kwa kipato cha mfagizi: kwacha elfu kumi na tano kwa mwezi. Hata gunia la mkaa hazinunui.

Nje, Honoré alimpita karibu na vijana wa kabaza waliokuwa wakigombania abiria wa baiskeli zao. "Ulitaka kunimaliza, Mama Delphin," alisema. "Sasa utakula hiyo hiyo."

Mwezi wa kwanza pesa zilikuja. Wa pili hazikuja, wala wa tatu. Gabriella akapanda basi dogo mpaka Old Town.

Nyuma ya kaunta alimkuta Kachingwe mwenyewe. Sare alizozishona zilikuwa zimetundikwa kwenye waya juu ya kichwa chake, na mlangoni palikuwa na kufuli mpya.

"Honoré yuko wapi?"

"Nilimwondoa, mama," Kachingwe alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza dukani, bila kucheka. "Aliapa kwa hakimu, duka ni langu. Mimi ni nani nibishane na mahakama?" Akapapasa kola ya sare moja, akamsifu kwa mkono wake wa kushona. Akasema kama anataka kuendelea kushona, atamlipa kwa kila sare. Bei aliyoitaja ilikuwa nusu ya ile inayolipwa kambini.

Gabriella alitoka akapanda basi. Njia nzima ya kurudi Dzaleka alijaribu kufurahi kwamba Honoré kanaswa na uongo wake mwenyewe, na furaha haikuja. Kila kifungo kilichokuwa kwenye zile nguo alikishona yeye.

Siku chache baadaye Honoré alikuja kambini. Gentille alikuwa ameshamhama. Aliketi kwenye tofali mlangoni.

"Mama Delphin, twende Dowa. Useme kama duka njo yetu. Sina shahidi mwingine."

"Nilisema siku ile."

"Sema tena."

"Niliitwa muongo. Na we njo uliniita."

"Basi unataka tukose wote?"

Swali hilo alikuwa ameshajiuliza mwenyewe. Wakienda, Honoré atakiri kwamba aliapa uongo, wote wawili watakiri kwamba walifanya biashara mjini, na leseni itabaki mfukoni mwa Kachingwe. Honoré alilijua hilo pia. Alitaka tu mtu wa kupotea naye.

"Tumeshakosa, Baba Delphin," alisema. "Na bado nakudai ya miezi miwili."

"Sina."

"Najua."

Wiki iliyofuata Gabriella alituma ujumbe mjini kwamba kitambaa kiletwe. Akashona sare za Kachingwe kwa bei ya Kachingwe, maana kambini kazi ilikuwa imepungua. Honoré akaenda kubeba magunia soko la Dowa. Mwisho wa mwezi alileta elfu mbili. Gabriella alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao, lakini hakumkaribisha ndani.