Pistoni ya Tatu

Chuoni kwetu nilikuwa pistoni ya tatu. Sisemi kwamba nilisomea pistoni, wala kwamba nilikuwa hodari wa kuzitengeneza. Nilikuwa pistoni yenyewe. Kila asubuhi tulisimama katikati ya ukumbi, mimi na wenzangu watatu, tukachuchumaa na kuinuka kwa zamu, huku msichana mmoja mwenye mapafu ya ajabu, tuliyemwita Ekzosi kwa kuwa ndiye aliyekuwa bomba la moshi, akipuliza kwa mdomo. Hayo ndiyo yaliyoitwa masomo ya vitendo. Wala usicheke, maana magoti yangu mpaka leo hulia kila nikipanda ngazi.

Injini ya kweli tulikuwa nayo. Ilikaa stoo, mpya kabisa, ndani ya nailoni iliyokuja nayo siku wafadhili walipoileta, na mkuu wa chuo aliuvaa ufunguo wa stoo shingoni. Jina lake hatukulitumia. Tulimwita Usiguse, kwa kuwa ndilo neno aliloanzia kila kipindi.

"Injini ikitumika inachakaa," alituambia. "Ikichakaa, watakaokuja nyuma yenu watajifunzia nini? Mnataka wajukuu zenu wawalaani?"

Nani anataka kulaaniwa na mjukuu? Basi tukawa injini sisi wenyewe. Kijana mrefu kuliko wote alikuwa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akazunguka mpaka akatapika. Mapacha wawili walikuwa valvu, mmoja ya kuingiza hewa na mwingine ya kutoa moshi, na kwa vile hawakuruhusiwa kufunguka pamoja, hata bwenini mmoja alilala mwenzake akiwa macho. Aliyekuwa pampu ya dizeli alivimba kichwa, akidai kwamba bila yeye sote ni vyuma baridi. Tulikuwa wazuri, siwezi kukana. Wageni wakija walifumba macho na kusema wanasikia lori linapanda mlima.

Sasa twende nyumbani. Mama ana mashine ya kusaga nafaka kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na inaendeshwa na injini ya dizeli ya pistoni nne, ndugu wa damu wa ile ya chuoni. Aliyeijua ni baba. Alipofariki, injini ilivumilia kidogo, labda kwa heshima ya msiba, kisha ikagoma. Fundi wa kwanza aliyeitwa aliondoka na betri, wa pili akaondoka na matumaini. Mama akafunga kibanda, akanipeleka chuoni, akawaambia wateja wasubiri, mwanangu anasoma. Nao wakasubiri, wakibeba magunia yao kwenda kusaga mbali, na kila aliyepita mlangoni aliniulizia.

Likizo ya mwisho mama alifungua kibanda kwa mkono wake, akasimama mlangoni.

"Haya mwanangu. Fanya."

Nikafanya nilichojua. Nilisimama mbele ya injini ya marehemu baba, nikavuta pumzi, nikachuchumaa, nikainuka. Nikarudia, safari hii kwa sauti. Mama alinitazama, na nikauona uso wake ukibadilika polepole, kutoka fahari hadi ile huruma ambayo mtu humwonea mgonjwa.

"Tumbo linakuuma?"

"Hapana, Mama. Mimi ni pistoni."

Aliigeukia injini. Kisha akauliza, "Na hiyo pistoni, humu ndani inakaa wapi?"

Sikujua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Muda wote ule nilikuwa pistoni, na sikujua pistoni inakaa upande gani, ina ukubwa gani, wala inafanana na nini. Mama alifunga kibanda, akaufunga ufunguo kwa fundo kwenye pindo la nguo yake.

"Siku ukijua utaniambia," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikarudi chuoni kwa maandalizi ya mtihani wa mwisho. Tukiwa katikati ya zoezi nikanyoosha mkono, na injini nzima ikasimama, krenki akiyumba.

"Samahani, Mwalimu. Hivi pistoni inafananaje?"

Usiguse alinizunguka taratibu. Akanigonga mgongoni kwa kidole, akatega sikio, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Pistoni haiulizi," alisema. "Pistoni inayouliza ina ufa. Itoeni."

Wenzangu wakanitoa kwa kufuata taratibu zote, valvu kwanza, wakanilaza pembeni juu ya kitambaa safi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akaletwa kuwa spea. Nilipoinuka ili niende zangu bwenini, Usiguse alinizuia.

"Unakwenda wapi? Kipuri kibovu hakizururi. Mahali pake ni stoo."

Akavua ufunguo shingoni, akafungua mlango, akaniweka ndani, akafunga. Ikawa ndiyo desturi ya wiki ile: asubuhi ananiweka, jioni anamtuma Ekzosi kunitoa nikale na kulala. Mzee yule alikuwa ameulinda mlango ule kuliko macho yake, kisha akaufungua mwenyewe ili utaratibu usivunjwe. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Nikabaki na injini, dumu la dizeli, kopo la mafuta ya kulainishia, na sanduku la spana ambazo hazijawahi kuchafuka. Mwanzoni nilikaa tu nikaiangalia, maana woga wa Usiguse ulikuwa umeniingia mpaka kwenye mifupa. Kisha nikaukumbuka uso wa mama mlangoni. Nikapasua nailoni.

Niliharibu nati mbili kabla sijajua zinafunguliwa upande gani. Nilijibana kidole nikalia, na si kwa maumivu tu. Kila nilichokitoa nilikipanga sakafuni kwa jinsi kilivyotoka. Nilipofika mahali nisipopaelewa, niliwakumbuka wenzangu: hapa anasimama krenki, basi anayeshikana naye mkono ni mimi, na juu yangu wanalala mapacha. Kumbe tulikuwa tumefundishwa kitu. Ila tulifundishwa kama mtoto anayekaririshwa majina ya shangazi na wajomba ambao hajawahi kuwaona.

Siku niliyoitoa pistoni ya tatu, nilijikuta naiamkia.

"Shikamoo," nilisema.

Ilienea kwenye kiganja changu, nzito, inateleza kwa mafuta. Karibu na kichwa ilivaa ringi tatu, na mimi miaka yote nilikuwa nafanya kazi bila hata moja. Niliikumbatia kifuani, nikafurahi kama mtu aliyeonana na pacha wake. Kisha nikairudisha, na vyote vilivyotoka vikarudi, nikakosea, nikafungua tena, nikarudisha tena.

Siku ya mtihani nilikuwa nimo stoo. Mtahini alitoka mbali, mtu wa miwani na suti, na kupitia ukutani nilisikia injini ya wenzangu ikiwaka. Mimi nilifungua dirisha, nikaelekeza bomba la moshi nje, nikashika mkono wa kuwashia na kuuzungusha. Hakuna kitu. Nikazungusha tena. Ikakohoa. Nikapiga moyo konde, nikazungusha kwa nguvu zangu zote, na stoo nzima ikatetemeka.

Nje kukawa kimya. Kisha mlango ukafunguliwa, na wote wakajaa pale, pistoni, valvu na pampu ya dizeli, midomo wazi. Usiguse alipita katikati yao, akaiokota nailoni iliyopasuka, akaikunja vizuri, akaanza kulia. Ekzosi alisogeza kiganja karibu na bomba la moshi.

"Kumbe moshi wangu huwa wa moto," alijisemea.

Mtahini aliizunguka injini mikono nyuma.

"Inajitahidi," alisema. "Lakini mbona pistoni hazionekani? Ya tatu inapanda mpaka mwisho?"

"Inapanda, mzee. Imo ndani."

"Nitampaje alama mtu aliyejificha?" Akakunja uso. "Na hii sauti haina mpangilio. Wale vijana walinyamaza mara moja niliponyoosha mkono. Hii nimeinyooshea mara mbili, haina habari."

Akaipa injini sifuri. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyeifundisha tabia hizo, akanipa sifuri pia. Wenzangu wote walifaulu, hata spea, wakapigwa picha ukumbini wakiwa wamechuchumaa kwa zamu.

Nilifika nyumbani bila cheti. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno, sikuyapata. Mama alikuwa ameketi kizingitini akichambua nafaka, ungo mapajani.

"Umefaulu?"

"Nimefeli, Mama."

Akaweka ungo chini. Nilitegemea atasema kitu kuhusu wateja, au kuhusu baba, na nilijua nisingeweza kuvumilia. Badala yake alinishika mikono, akaigeuza, akatazama kucha zilizojaa weusi na kidole changu kilichovimba. Akaviinua viganja vyangu puani. Akavinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, na mimi nikakumbuka kwamba kwenye nyumba ile harufu ya dizeli haikuwahi kuingia tangu tulipomzika baba.

Nilijitoa taratibu ili niende bombani. Akanikamata kiwiko.

"Usinawe," alisema, huku akifungua fundo kwenye pindo la nguo yake. "Twende ukanionyeshe inakaa wapi."