Alichosema Mtu wa Lifti

Mama yangu ana pengo mbele, na tangu nipate akili, akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Akiwa na mume wa mdogo wangu hazibi. Anacheka pengo lote nje, na mimi nikipita mlangoni na spana yangu ananiuliza kama nimeshafunga ile koki ya jikoni inayovuja.

Mimi ni fundi bomba. Tangu mama avunjike nyonga anaishi kwangu, chumba cha mbele. Mke wangu anamwogesha, mimi namnunulia dawa na kumgeuza usiku. Shemeji analeta sinema. Basi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anaingia na shati la pasi na flashi mfukoni, anaichomeka kwenye televisheni yangu, kwa umeme ninaolipa mimi, wanaangalia picha za zamani za Hollywood. Nyeusi na nyeupe. Nadhani wote waliomo wameshazikwa.

Shemeji alikaa mapokezi ya hoteli miaka mingi, ndiyo maana Kiingereza chake kimenyooka kama shati lake. Mimi namwita Mapokezi. Mama Kiingereza hakijui, kwa hiyo Mapokezi huvuta kiti karibu na mto akamtafsiria taratibu sikioni. Mama anamwita mwanangu. Mimi ananiita "we".

"Mwanangu, huyu wa kofia si ndiye aliyemdanganya yule?"

"Ndiye, mama. Subiri uone atakavyoumbuka."

Nilivumilia. Halafu Jumapili moja, sinema ikiwa imeisha, nikamsikia mama akimsimulia jinsi marehemu baba alivyokuja kumposa. Habari hiyo mimi sijawahi kusimuliwa. Nilisimama koridoni na ndoo ya maji mpaka bega likaniuma. Kesho yake nikampigia Mapokezi.

"Jumapili usije."

"Mama anaumwa?"

"Mzima."

"Sasa kuna nini, shemeji?"

"Sitaki tu uje. Flashi mpe mdogo wangu ailete."

Jumapili nikapiga pasi shati. Mke wangu alinitazama, akauma mdomo asicheke. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mto, nikafungua sinema ya kwanza niliyoiona.

"Mwanangu yuko wapi?" mama akauliza.

"Mimi hapa."

"Nauliza yule."

"Leo natafsiri mimi."

Akanikagua kama anakagua embe bovu sokoni. "Haya."

Shule niliiacha mapema, na Kiingereza changu ni kile kinachoandikwa kwenye maboksi ya pampu. Lakini nilijiambia, watu wanatembea, wanafungua milango, wanakasirika, kuna ugumu gani hapo? Sinema ilikuwa ya bwana mmoja anayeendesha lifti kwenye jengo refu, kavaa sare yenye vifungo vingi. Ghorofa ya juu anakaa mjane. Kila siku mjane anapanda na kushuka, na kila siku yule bwana anamtazama kisogo.

"Anamwambiaje?"

"Kwamba leo kuna baridi."

"Mbona wamevaa nguo nyepesi?"

"Anamaanisha inakuja."

Mara mjane akaingia kwenye lifti amevimba kwa hasira.

"Na hapo?"

"Analalamika maji hayapandi juu. Presha ndogo."

"Kila mtu kwenye sinema yako ana shida ya maji."

"Jengo refu hilo, mama. Ni kawaida."

Halafu nikaacha kutunga. Sikuamua kuacha, nilisahau. Mjane alikuwa anahama. Masanduku yake yalishashushwa, naye akaingia kwenye lifti mara ya mwisho, na kamera ikatulia kwenye nyuso zao. Picha za siku hizi ukipepesa jicho jengo limelipuka. Hii ilitulia. Kila walipopita ghorofa mwanga ulipanda shavuni mwa yule bwana, ukazimika, ukapanda tena. Mkono wake kwenye mpini wa lifti ulikuwa mkono wa mtu wa kazi, mimi mikono naijua. Katikati ya ghorofa mbili akaisimamisha. Akageuka, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Mjane akafunika uso.

"Kasemaje?" mama akanong'ona.

"Anamwambia asishuke, huko chini bomba limepasuka."

"Kwa bomba ndiyo analia hivyo?"

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza. Nikarudisha tena. Maneno yalipita kama yanasemwa nyuma ya ukuta. Nilimtaka Mapokezi abaki kwake, lakini nilitaka zaidi kujua alichosema yule bwana. Nikatoa simu.

"Shemeji, yule wa lifti. Anasema nini pale anaposimamisha?"

"Pale nikikwambia kwenye simu nitapaharibu."

"Niambie, bwana."

"Niruhusu nije."

Mama alikuwa ananitazama. Nikamwambia aje.

Alifika na malapa, anahema. Nikampisha kiti, ikaniuma kama kung'olewa jino, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akarudisha picha, akaiacha lifti ishuke bila kusema neno. Yule bwana alipogeuka, Mapokezi akasema kwa sauti ileile ya chini:

"Ghorofa gani, bibie?"

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Kila siku akiingia humuuliza hivyo. Leo anajua mjane anakokwenda, lakini hana neno lingine la kumwambia."

Mama alikuwa analia, na mkono alioushika ulikuwa wa Mapokezi. Niliuona. Wivu haukunitoka, uliongezeka. Miaka yote aliyokuwa akigawa funguo za vyumba alikuwa na vitu kama hivi kichwani, na mimi niko chini ya masinki ya watu. Lakini nikimfukuza, nani ataniambia?

"Anzia mwanzo kabisa," nikasema. "Yote niliyotafsiri ni uongo."

"Tumeshaiona," mama akasema.

"Mimi sijaiona."

Mapokezi akaanza kunieleza nani ni nani, amenigeukia mimi, nami namkatiza kwa maswali. Mama alivumilia, akavumilia, halafu akamvuta shati.

"Mwanangu, umekuja kwangu au kwa huyu?"

"Kwenu wote, mama."

"Basi geukia huku. Huyo ana masikio."

Akageuka. Nikasogea mpaka bega langu likagusa mto, nisikose neno.