Katoni za Nyuma ya Sakristia

Kwa miaka minne nimekuwa infirmière, yaani muuguzi, wa kituo cha lishe cha parokia yetu, hapa Butembo. Chakula cha watoto, ile pâte ya karanga iliyosagwa, ya ndani ya vipakiti vya sashe, kililipiwa na shirika moja la Ulaya lisilo na dini. Mjumbe wao, Madame Annelies, alipokuja alitungojea nje mpaka misa iishe.

"Mimi simwamini Mungu," aliniambia siku moja bila haya. "Lakini vita vikifika, wengine wote wanakimbia, ninyi mnabaki. Ndiyo maana tunawaletea ninyi."

Mwezi wa pili mwaka huu, serikali iliyokuwa ikililipa shirika lile ikakata misaada. Padri Valentin, paroko wetu, akapata barua ya shirika: msigawe kitu mpaka amri nyingine. Katoni sitini na mbili zikafungiwa depo, ghala la nyuma ya sakristia.

Kesho yake akaja Kahongya, mama mkimbizi kutoka Manguredjipa, mwanawe Sagesse mgongoni. Nikampima mtoto mkono. Kanda ya kupimia ikasimama kwenye nyekundu, alama ya utapiamlo mkali.

"Mama Émérance, hata sashe moja hapana?"

"Iko, lakini balikataza kugawa."

"Njo ile ninaona pa dirisha ya depo?"

"Njo, ndiyo ile."

Nikaenda kumuomba Padri ufunguo.

"Tukigusa bile bitu," akasema, "batakata na chanjo, na dawa za malaria. Batasema tuliiba."

Akampigia Annelies mbele yangu. Mama yule akalia kwenye simu. Alikuwa ameandika barua tatu kuomba ruhusa, hakujibiwa. Naye kazi yake ingeisha Ijumaa.

"Basi tutakuombea," Padri akamwambia.

"Muombeeni mtoto kwanza."

Nikampikia Sagesse uji wa soya wa nyumbani kwangu, akautapika. Nikawapeleka hospitali, nako chakula kilikuwa kimefungiwa, wauguzi wakingoja amri ileile.

Siku ya tano Sagesse akafa, katika darasa walimolala wakimbizi. Tulipotoka makaburini, Padri akanitia ufunguo wa depo mkononi.

Tukagawa siku tatu. Kahongya akaja kubeba katoni pamoja nasi. Nikamwambia apumzike, akakataa.

Katoni zimekwisha, na barua nyingine haijafika. Akina mama wangali wanakuja. Ninawapima watoto wao mkono, ninawaambia warudi juma lijalo, na sijui warudie nini.