Kaa Dume Kwenye Mti wa Kigen

Jemutai alikuwa na kaa majike tele ndani ya chupa za spiriti, na hakuna hata mmoja aliyemfaa. Chumba chake cha kazi katika chuo kimoja mjini Eldoret kilinuka hata wafagiaji walikuwa wakikiruka. Kaa wale hawakutoka mtoni. Walitoka mitini, kwenye msitu uliobaki nyuma ya Moiben, ndani ya mashimo ya mashina yanayotuamisha maji ya mvua. Miguu yao mirefu, myembamba, yenye ncha kali kama sindano ya kushonea magunia. Kila aliyewaona alisema hawa ni wa aina mpya. Lakini kusema si kuthibitisha. Kaa hutambuliwa kwa dume. Chini ya mkia wake uliokunjwa tumboni kuna vijiti viwili vya uzazi, na umbo la vijiti vile ndilo linaloamua huyu ni wa aina gani. Bila dume aliyekomaa, Jemutai alikuwa na porojo tu, na wapasua mbao walikuwa wanaukaribia msitu.

Mpandaji wake wa miti alikuwa Oluoch, mtu wa makamo kutoka mtaa wa Langas, ambaye kazi yake ni kukata matawi yanayotishia mapaa ya watu. Alimwita Jemutai Daktari, ingawa udaktari wenyewe ulikuwa haujaiva. Madaktari wengine wanatibu watu, alikuwa akimtania, wetu anakagua kaa sehemu za siri.

Siku hiyo walifika chini ya mkuyu mmoja mnene, wenye shimo mahali shina linapogawanyika. Kwenye gamba la shina palichanjwa alama: mikato mitatu na mmoja umeipita juu. Jemutai aliiona. Yeye ni mtoto wa mjini, amekulia nyuma ya stendi ya magari, akadhani ni kazi ya wapima ardhi. Mtu yeyote wa Moiben angemwambia kwamba mti wenye alama una mwenyewe, hata kama msimu huu haukutundikwa mzinga wa nyuki, na anayeingiza mkono katika tundu lake ameuingiza katika chungu cha mtu. Tena huo ulikuwa msimu mbaya. Mizinga ilikuwa imepasuliwa na kuchomwa, na wenyewe walikuwa wakimtafuta mwizi kwa hasira iliyokosa pa kwenda.

Oluoch akapanda kwa kamba. Akaingiza mpira wa maji kwenye shimo, akaunyonya hadi maji yakaja, akatema, akauacha umwage. Kisha akazamisha mkono hadi kwapani. Aliposhusha ndoo alikuwa anacheka peke yake.

Jemutai akamgeuza kaa kifudifudi, kisha chali. Mkia mwembamba, umechongoka. Dume, na mkubwa. Akamrudisha ndooni, akafunga kifuniko.

Jiwe la kwanza lilimpata Oluoch begani, bado yuko juu. Watu walitoka kwenye vichaka kama siafu, na walichokuwa wamekiona ni mwanamume asiyejulikana akinyonya kwa mpira kutoka kwenye mti wa mwenzao Kigen. Hapakuwa na la kuuliza. Panga likapita kwenye kamba. Oluoch akaanguka mzima mzima, mkono mmoja ukiwa chini yake, na kabla hajapata pumzi marungu yalikuwa yameanza. Walimpiga bila kelele, jinsi watu wanavyopiga maharage yatoke kwenye maganda. Meno yakatoka. Mmoja akamkanyaga shingo, akauacha mguu pale pale.

Jemutai alijirusha katikati akasukumwa matopeni. Akawasemesha kwa lugha ya nyumbani, ambayo kinywani mwake ilikuwa na kutu. Akasema huyu hatafuti asali, anatafuta kaa.

Hapo wakacheka. Kaa juu ya mti! Kesho atatuambia samaki wanataga kwa dari, akasema mmoja. Jemutai akafungua ndoo awaonyeshe, wakasema amembeba kutoka mtoni ili apate uongo wa kusimamia.

Kigen, mwenye mti, alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimwambia Jemutai asogee, kwa sababu huyu hatapelekwa kwa chifu.

Aliyezuia mkono wake ni Mama Jebet, mwanamke mtu mzima aliyekuwa amekuja na mzigo wake wa kuni.

"Na kama msichana anasema kweli?" aliuliza. "Kigen, damu ya mtu bure utaiosha na asali?"

Hakungoja jibu. Aliteremka kijitoni, akapindua mawe, akarudi na kaa wa mto ndani ya kopo. Kigen akamtazama yule kaa, akautazama mti.

"Wawekeni wote kwa mti," alisema. "Huyu wa mto tunamjua. Wako akipanda, mtu wako anaishi. Akianguka, nenda uite watu wake wamchukue."

Kaa wa mto akabandikwa kwenye gamba. Akaanguka. Akabandikwa tena, akaanguka tena, akalala chali anapiga hewa mateke. Macho yote yakaja kwa Jemutai.

Alikuwa ameikumbatia ndoo. Alijua vizuri kuliko wote pale: akimwachilia atapanda, na akipanda ameenda. Mkuyu ule ulikuwa mrefu, na mpandaji wake alikuwa chini ya kiatu cha mtu.

"Ngojeni nimfunge uzi," alisema.

Kigen aligeuza kichwa kidogo tu. Rungu likashuka juu ya mkono wa Oluoch uliokuwa umenyooka kwenye mzizi, na vidole vikavunjika kwa mlio wa mabua makavu. Oluoch hakulia. Alikuwa anamtazama Jemutai.

Ndipo akamtoa kaa, akamweka mtini.

Kaa alitulia, akajaribu gamba kwa ncha za miguu, akaanza kupanda. Akapita alama ya Kigen, akapita vichwa vya watu, akaenda ubavu ubavu hadi penye shimo, akaingia. Aliyekuwa amekanyaga shingo akaondoa mguu polepole, kama mtu anayeamka. Mwingine akatupa rungu vichakani. Kigen akavua koti lake akaufunga mkono uliovunjika, akiapa kwa Mungu chini chini. Wakamlaza Oluoch katikati ya mitungi ya maziwa kwenye pikapu ya ushirika, wakashuka naye Eldoret.

Wodini walimkata vidole vitatu. Kigen alikuja kabla bandeji haijabadilishwa mara nyingi, amebeba jerikeni iliyokatwa juu, kidole gumba chake kimefungwa kitambaa. Alikuwa amepanda mwenyewe, akaingiza mkono wake mwenyewe shimoni, akamtoa yule kaa. Akaweka jerikeni sakafuni, akasimama bila kukalishwa, akaomba msamaha kwa maneno machache. Oluoch akatazama dari, na baadaye Kigen akaondoka.

Jemutai, aliyekuwa kando ya kitanda, alimpeleka kaa penye mwanga wa dirisha la korido. Akamfunua mkia, akaangalia kwa lenzi. Vijiti vile vilipinda nchani kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwa kaa wa mto wowote. Akarudi kitandani anakaribia kukimbia.

"Si mmoja wa wale wanaojulikana," alisema. "Hana jina bado. Nataka achukue lako."

Oluoch alikuwa anaongea kwa shida, meno ya mbele hayapo.

"Nililala pale nikasikia ukiomba uzi," alisema. "Mpe jina lako, Daktari."

Jemutai akamwambia katika kazi yao mtu hajipi jina mwenyewe, ni aibu.

"Kumbe aibu mnaijua."

Jemutai akabaki amesimama, jerikeni mkononi, kaa akikwaruza ndani akitafuta pa kushika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza. Oluoch akaugeukia ukuta, na mkono wa bandeji akauweka juu ya blanketi mahali ambapo Jemutai asingeweza kukosa kuuona.