Sauti Isiyo na Mwenyewe

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mkunga alikuwa anamfungua mjamzito wa nne kitambaa cha kipimo cha presha. Akamwambia, kama anavyowaambia wote, "Presha yako nzuri, mwanangu. Ila usilale chali. Lalia ubavu wa ku—"

Hapo sauti ikampotea. Haikukwama wala haikukauka. Iliondoka tu, kama mgeni aliyekumbuka ana safari.

Mjamzito akauliza, "Wa kulia au wa kushoto, mama?"

Mkunga akanyoosha kidole. Kwa kuwa walikuwa wameketi wakitazamana, mjamzito akaelewa kinyume, ikabidi mkunga ainuke, akae kando yake, anyooshe upya.

Chumba cha pili, wauguzi wawili walikuwa wameinamia simu moja wakitazama sherehe kutoka nchi ya mbali. Kijana wa mtaa wao, waliyemwita Injinia, alikuwa jukwaani anapokea tuzo ya kimataifa ya teknolojia inayosaidia jamii zenye uhitaji. Tuzo ilikuwa ya laini ya simu: mjamzito anapiga bure, anabonyeza namba, anasikia ushauri. Wageni wakasikilizishwa ushauri mmoja, na ukumbi mzima ukatulia. Jaji mwenye miwani akauliza sauti hiyo yenye upole namna ile ni ya nani.

"Haina mwenyewe," Injinia akajibu. "Imetengenezwa na mashine."

Walimpigia makofi wamesimama. Saa ya pembeni mwa kioo cha simu ilionyesha nne na robo.

"Basi angalau sauti ya mkunga imejulikana iliko," alisema mfagizi aliyekuwa ametoka chumba cha kwanza, akaendelea kufagia.

Injinia huyo alizaliwa mikononi mwa mkunga, tena alitanguliza miguu, na mkunga alipenda kusema kwamba tangu siku ile hajaacha haraka ya kuondoka. Miaka miwili kabla ya tuzo alikuja na kinasa sauti na maneno matamu. Kwa wiki tatu, kila mara mkunga alipomaliza zamu, walijifungia stoo ya magodoro kwa sababu haikuwa na mwangwi. Mkunga alisema pale yote aliyoyajua kwa miaka thelathini na moja: jinsi ya kupumua, damu ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kukimbia nayo, mtoto akiacha kucheza tumboni ufanye nini. Aliomba jambo moja tu, kila ujumbe uanze kwa kumtaja, ili wanawake wajue ni mtu anayesema nao.

"Jina lako litatangulia, mama," Injinia aliapa. "La kwangu litafuata nyuma limebeba mizigo."

Baadaye jina liliondolewa, kwa maelezo kwamba linakula sekunde sita.

Nyumbani, mume wa mkunga, fundi viatu, hakuchukua siku mbili kuzoea. Akiuliza swali, mkunga alipiga laini, akabonyeza namba iliyokaribia jibu, akamwekea simu sikioni. Jioni ya kwanza aliuliza wanakula nini. "Kula mboga za majani kwa wingi, na upumzike," sauti ya mkewe ikamwambia. Akala mboga za majani, akapumzika. Siku waliyogombana, mkunga alibonyeza tano, dalili za hatari, na fundi akatoka nje mwenyewe bila kusukumwa.

Kazini haikuchekesha. Uchungu ukikolea, mwanamke hufumba macho, na aliyefumba macho haoni mikono ya mtu. Wauguzi walimwekea simu juu ya mto wa kulalia, mkunga akafanya kazi kwa viganja huku sauti yake ikitoka kwenye spika. Mmoja alimaliza kujifungua, akaishukuru simu.

Injinia aliporudi, mkunga na mumewe walimfuata ofisini. Tuzo ilikuwa juu ya meza, kipande cha kioo kisichofanana na kitu. Aliwaamkia kwa adabu, akawavutia viti.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Nilisikia. Poleni sana."

"Marahaba. Tumefuata sauti ya mama yako," alisema fundi. "Hatuombi kingine. Waambie hao watu wako kwamba ni ya kwake, irudi, sisi twende zetu."

Injinia alikuna kidevu. Fomu ilisema ni mashine, alieleza. Nchi kumi na moja zilikuwa zimeshaomba mashine hiyo. Akisema leo kwamba ni mtu, watamwuliza mbona jana hakuwa mtu, na tuzo itarudi ilikotoka. "Lakini laini ni bure, mzee. Mama anaweza kupiga saa yoyote, kama mtu mwingine yeyote."

"Wanasema asante ya punda ni mateke," alisema fundi. "Ila punda hajawahi kunipiga teke huku ananiita mzee."

Mkunga hakubonyeza namba yoyote. Katika jumbe zake zote mia mbili na kumi na nne, hakukuwa na hata mmoja wa mambo kama hayo.

Miezi minne ikapita. Mchana mmoja Injinia akamleta mkewe, mimba ya kwanza, uchungu umemshika barabara. Simu ikawekwa juu ya mto. Ikasema, kwa sauti ya mwanamume asiyejulikana, kwamba huduma inafanyiwa maboresho na wanaomba radhi.

Kichwa cha mtoto kilipotokeza, mkunga aliona kamba ya kitovu imemzunguka shingo. Mwanamke alitakiwa aache kusukuma, sasa hivi. Mkunga akainua kiganja, akatikisa kichwa. Mwanamke alikuwa amefumba macho, anasukuma.

"Mama, sema naye," Injinia alimwambia mkunga. "Mwambie, tafadhali."

Mkunga alimtazama. Injinia akatazama mlango kuona kama uko wazi. Ulikuwa umefungwa.

"Sawa," alisema polepole. "Ni yako. Sauti ni yako, mama. Nilikurekodi mimi, stoo ya magodoro."

Ikarudi papo hapo, ikikwaruza kidogo kama mtu aliyetoka safari.

"Acha kusukuma, mwanangu. Pumua kwa mdomo. Hivyo hivyo. Niko hapa."

Mwanamke akapumua, kamba ikapitishwa juu ya kichwa, na mtoto wa kike akatoka salama, amekasirika.

Mkunga aliongea hadi jioni. Aliwasalimu wodi nzima kitanda kwa kitanda, akamsahihisha mfagizi namna ya kufagia, akampigia mumewe kumwambia yote ya miezi minne, likiwemo la kwamba mboga za majani hakuzikusudia. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema hata hiyo kelele alikuwa ameitamani.

Kesho yake asubuhi mkunga alikuwa ameketi kando ya mke wa Injinia, anamfundisha kunyonyesha. "Ashike chuchu na weusi wake wote, si ncha tu. Hivyo. Na titi likiwa gumu, likauma, usi—"

Nje ya dirisha, Injinia alikuwa kwenye simu na mwandishi wa habari wa mbali. "Hapana," alikuwa anasema, kwa uchangamfu. "Si ya mtu. Ni mashine yetu."

Mkewe aliyasikia yote mawili, lililosemwa na lililokatika. Alimtazama mkunga, akatazama dirisha. Kisha akavuta simu yake kutoka chini ya mto. Huduma ilikuwa imerejea. Akabonyeza saba, namba ya kunyonyesha, akailaza kifuani karibu na mtoto.

"…usiache kumnyonyesha," ilisema sauti. "Anza na titi hilo hilo."

Mkunga akaitikia kwa kichwa, akamgeuza mtoto upande unaouma.